Viwanja sita kwa siku tisa Uskoti: kateni orodha, laleni St Andrews

SWALI

Dada, salaam. Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tumecheza gofu pamoja miaka 19. Mimi nina miaka 61 na handikapu 17 (kipimo cha uwezo wa mchezaji, namba ndogo ndiyo bora). Yeye ana miaka 66, handikapu 22, na goti la kulia humsumbua akiteremka mlima. Tumedunduliza fedha kwa muda mrefu kwa ajili ya safari moja tu: Uskoti, Julai 2027, siku tisa. Orodha yetu ni St Andrews, Carnoustie, Muirfield, Royal Troon, Prestwick na Royal Dornoch. Kuna wakala ametuandikia kwamba nafasi yetu ya kucheza Old Course, ule uwanja mkongwe wa St Andrews, ipo tayari, mradi tulipe nusu ya gharama mwezi huu. Mke wangu tunakwenda naye ingawa hachezi. Je, mpango umekaa sawa? Fimbo tubebe zetu au tukodi huko? Halafu shemeji anashikilia kwamba uwanja wowote wa gofu ulio kando ya bahari ni linksi, mimi nakataa. Tuamulie.

Mashemeji Wawili

JIBU

Kaka, salaam zimefika, na shemeji mpe pole ya goti.

Nianze na fedha, maana ndizo zenye haraka. Msilipe hata senti mpaka wakala awaonyeshe kwa maandishi tarehe na saa ya kuanza kucheza, na mpaka mmeliona jina la kampuni yake kwenye orodha ya mawakala walioidhinishwa. Orodha hiyo hutolewa na St Andrews Links Trust yenyewe, taasisi inayosimamia viwanja vya mji ule. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka 2012 mimi na kaka yangu tulimlipa wakala miezi saba kabla ya safari, tukaambiwa Old Course imethibitishwa. Tulipofika tukakabidhiwa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi inayosema tutaingizwa kwenye droo ya kila siku, droo ile ile ambayo mtu yeyote huingia bure kwa mkono wake. Tuliingia mara moja, tukakosa, na kesho yake tulikuwa tayari barabarani kwenda uwanja mwingine. Kaka yangu mpaka leo hajacheza Old Course.

Kwa hiyo ijueni droo hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo mlango wenu. Mnaandikisha majina, watu wawili hadi wanne, kabla ya saa 8 mchana, siku mbili kabla ya siku mnayotaka kucheza. Matokeo hutoka siku hiyo hiyo. Anayetaka Jumatatu anaingia Jumamosi, kwa kuwa Jumapili uwanja umefungwa. Kuingia hakuna malipo. Mkibahatika ndipo mnalipa ada, ambayo kiangazi cha 2024 ilikuwa pauni 320 kwa kila mchezaji na tangu hapo imepanda. Mkikosa, mnaingia tena kesho, na keshokutwa. Aliyelala St Andrews usiku sita ana nafasi nne au tano za kujaribu. Anayepita mji ule kwa siku moja ana moja tu, na hapo ndipo sisi tulipokosea.

Zipo njia mbili nyingine. Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka unaotangulia, Trust hupokea maombi ya mapema moja kwa moja kutoka kwa wachezaji, bila wakala. Mkipata, mnatakiwa kucheza pia uwanja wao mwingine, jambo ambalo mngelifanya hata bila kulazimishwa. Ya pili ni ya mtu mmoja mmoja. Zamani watu walipanga foleni usiku kucha nje ya jengo la kuanzia, na blanketi, wakisubiri kuchomekwa kwenye kundi lenye pengo. Tangu 2024 foleni imegeuzwa droo: unajiandikisha ana kwa ana siku moja kabla, kisha unaenda kulala kitandani kwako. Kama droo ya wawili imewakataa, kila mmoja ajiandikishe peke yake. Mnaweza kucheza saa tofauti, lakini mtakuwa mmecheza. Na msisahau vyeti vya handikapu vilivyo hai. Bila cheti, Old Course hawakuruhusu hata kama umeshinda droo.

Sasa tarehe. Julai 2027 iondoeni kabisa. Mwezi huo The Open, mashindano makubwa ya ubingwa wa gofu, yanarudi St Andrews kwa mara ya 31. Majukwaa ya watazamaji huanza kujengwa mapema, nafasi za wageni hufungwa, na vyumba vya kulala kuanzia Dundee hadi Edinburgh hupanda bei. Sogezeni hadi Mei 2028. Mei vichaka vya miiba vinakuwa na maua ya manjano yanayonukia, nyasi ndefu hazijakomaa kiasi cha kumeza kila mpira, na jua huzama saa 3 na nusu usiku. Mtakuwa pia na muda wa kuomba mapema mwaka 2027, na shemeji atapata mwaka mzima wa kulishughulikia goti. Msivutwe na bei nafuu za majira ya baridi: kuanzia Novemba hadi Machi, kwenye feawei za Old Course, zile njia za nyasi fupi kuelekea mashimo, unapiga mpira juu ya kijizulia unachotembea nacho, ili nyasi zipumzike. Na mwanzoni mwa Oktoba kuna mashindano ya Dunhill Links, yanayochukua Old Course, Carnoustie na Kingsbarns kwa pamoja.

Tuje kwenye orodha yenu. Naielewa, kwa sababu mimi niliwahi kuwa na karibu ile ile. Ramani inaonyesha nchi ndogo, na kweli ni ndogo, lakini kutoka St Andrews hadi Royal Dornoch ni kama saa 4 za gari, na Troon na Prestwick ziko pwani ya pili, upande wa magharibi. Mwaka ule wa 2012 tulicheza viwanja sita kwa siku saba. Dornoch tulifika tumekaza migongo, tukashuka garini, tukaenda moja kwa moja kuanza. Ni uwanja mzuri mno: Old Tom Morris, bingwa wa zamani na mchoraji wa viwanja, aliupanua mwaka 1886, na Donald Ross, aliyekwenda Marekani akachora mamia ya viwanja, alizaliwa mji ule mwaka 1872. Ukiniuliza leo nikueleze shimo la 7 au la 10, sina picha. Nilikuwa nafikiria barabara ya kurudi.

Mwaka 2016 nilirudi peke yangu. Nilikodi chumba kimoja St Andrews kwa siku nane, juu ya duka la vitabu, na nikacheza New Course mara tatu. Jina lisiwadanganye: mpya huo ulifunguliwa mwaka 1895. Kuna shimo la 9 pale, la mipigo mitatu (yaani ndiyo hesabu ya mchezaji hodari kulimaliza), ambalo upande wa kushoto lina mlango wa mto Eden. Jumatatu upepo ulikuwa mgongoni. Nilipiga fimbo namba 5 na mpira ukapitiliza grini, ile sehemu ya nyasi laini yenye shimo. Jumatano upepo ulikuwa usoni. Nilichukua fimbo kubwa kuliko zote zilizomo begini, nikaupiga mpira vizuri kama niwezavyo, ukatua hatua kumi kabla ya grini. Mahali pale pale, siku mbili tofauti. Ijumaa upepo ulitoka ubavuni na nikajifunza shimo la tatu ndani ya shimo lile lile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uwanja wa linksi ukicheza mara moja umeuona tu, hujaucheza. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia hivyo hivyo: punguza majina, rudia viwanja.

Na hapo tumefika kwenye ubishi wenu. Kaka, umeshinda, ingawa shemeji asione vibaya maana wengi wanadhani kama yeye. Linksi ni aina ya ardhi. Ni ule ukanda wa mchanga ulioachwa na bahari kati ya ufuko na mashamba, usiofaa kulima, wenye vilima vya mchanga na nyasi fupi ngumu zenye mizizi mirefu. Kwa sababu chini ni mchanga, maji hayatuami na ardhi inabaki ngumu, hivyo mpira ukitua unakimbia. Uwanja ulio juu ya jabali lenye udongo mzito, hata kama mawimbi yanagonga chini yake, si linksi. Kuna kipimo cha miguu ambacho huniridhisha kuliko maelezo: ukitembea juu ya linksi asubuhi baada ya mvua ya usiku, viatu vinatoka vikavu kwa chini, na ardhi inaita kidogo kama ngoma.

Ardhi hiyo ndiyo inayobadilisha namna ya kucheza, na mkienda na mchezo wa kurusha mpira juu mtateseka. Mwaka 2016, kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nilipanga ile foleni ya usiku, na siku ya nne nikapata nafasi Old Course. Nilikuwa na kedi mwenyeji, yaani mbeba begi na mshauri wa mchezaji, mzee mwembamba aliyeongea kidogo. Kwenye shimo la 18 mpira wangu ulisimama kama mita 30 kabla ya grini, na mbele yake kuna lile bonde wanaloliita Valley of Sin, Bonde la Dhambi. Nikachomoa weji, fimbo ya kurusha mpira juu. Mzee hakusema kitu. Aliichukua mkononi mwangu taratibu, akairudisha begini, akanipa fimbo ya kuputi, ile ya kuviringisha mpira chini, kisha akaenda mbele akasimama mahali na kuelekeza kidole chini, hatua nne kushoto kwa shimo. “Hapa,” akasema. Nilipiga kwa nguvu ambazo sijawahi kuzitumia kwa fimbo ile. Mpira ukateremka bondeni, ukapotea machoni, ukapanda upande wa pili ukipunguza mwendo, ukapinda kulia na kusimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye shimo. Mitaani watu wawili waliokuwa wameegemea uzio wakapiga makofi. Kwa hiyo mwezi mzima kabla ya safari, nyinyi wawili fanyeni zoezi hilo moja: kupiga mpira wa chini, unaokimbia, kutoka mita 20, 30 na 40, kwa fimbo ya kuputi na kwa fimbo namba 7.

Na mabanka, ile mitego ya mchanga. Old Course ina 112, mengi madogo yenye kuta zilizosimama wima. Ukiingia humo, usitazame bendera kwanza. Tazama upande gani una ukuta mfupi, upige huko, hata kama ni nyuma. Bobby Jones, bingwa wa Kimarekani, akiwa kijana alishindwa kutoka kwenye banka la shimo la 11 mwaka 1921 akajitoa mashindanoni. Miaka 6 baadaye alirudi akaushinda ubingwa pale pale, na mwaka 1958 mji ukamfanya raia wake wa heshima. Uwanja huo una subira na watu wanaorudi.

Basi orodha yangu kwenu ni hii. Kutoka Edinburgh chukueni treni hadi Leuchars, kama saa moja, kisha basi namba 99 linalowaingiza St Andrews kwa dakika chache. Gari la kukodi hamlihitaji. Laleni hapo usiku sita. Siku ya kwanza msicheze kitu kikubwa. Chezeni Strathtyrum, uwanja mwepesi wa Trust hiyo hiyo, mnyooshe miili. New Course chezeni mara mbili, siku zisizofuatana. Droo ingieni kila siku mpaka ikubali. Carnoustie ibakizeni: treni kutoka Leuchars kupitia Dundee inawashusha mjini, na uwanja nao ni wa umma. Mashimo mawili ya mwisho yanakatizwa tena na tena na kijito cha Barry Burn. Kwenye The Open ya 1999 Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la 18 akiongoza kwa mipigo mitatu, akamaliza shimo kwa mipigo saba, na ubingwa ukaenda kwa Paul Lawrie. Mkifika kwenye daraja dogo la mwisho simameni mtazame jinsi maji yanavyojipinda. Mtaelewa namna mtu mzima mwenye kipaji anavyoweza kukwama pale.

Badala ya Dornoch nendeni Elie, kwa basi la pwani. Hapo shimo la kwanza linapanda kilima na huwezi kuwaona waliotangulia, kwa hiyo kwenye kibanda cha mwanzishaji kuna periskopu iliyotolewa kwenye nyambizi HMS Excalibur. Mwanzishaji huchungulia humo, akiona njia nyeupe anawaambia pigeni. Mwombeni, atawaruhusu kuchungulia. Hakuna hata shimo moja la mipigo mitano, miinuko si mingi, na goti la shemeji litashukuru. James Braid, aliyeshinda The Open mara 5, alizaliwa hatua chache kutoka hapo.

Usiku mbili za mwisho laleni North Berwick, kama nusu saa kwa treni kutoka Edinburgh. West Links ya pale, kwa maoni yangu, ndiyo inayofurahisha kuliko zote. Shimo la 13 lina ukuta wa mawe unaopita mbele kabisa ya grini. Ukuta ulikuwapo, wachezaji wakaamua kucheza juu yake. Mpira wangu uliegemea jiwe kama mtu aliyechoka, ikabidi nipige kando kwanza ndipo niuvuke. Shimo la 15, Redan, limepewa jina la ngome ya vita vya Crimea, na wachoraji wa viwanja wamelinakili duniani kote. Baharini mtaona Bass Rock, jabali jeupe kwa wingi wa ndege. Kwenye njia hiyo hiyo ya treni mna Musselburgh, mashimo tisa yaliyo ndani ya uwanja wa mbio za farasi, ambapo kumbukumbu za gofu zinaanzia mwaka 1672. Pale mnaweza kukodi fimbo za mti wa hikori, kama za mababu wa mchezo. Kipimo cha shimo mnachokijua, inchi 4 na robo, kinatokana na chombo cha kukatia mashimo cha Musselburgh cha mwaka 1829. Shemeji akichoka baada ya mashimo tisa, yamekwisha.

Nimewakatia Troon, Muirfield, Dornoch na Prestwick. Tatu za kwanza sijuti. Prestwick inaniuma. Pale ndipo The Open ilipoanza mwaka 1860, wachezaji wanane, mashimo 12 yaliyochezwa mara tatu kwa siku moja, na Willie Park akamshinda Old Tom Morris kwa mipigo 174 dhidi ya 176. Shimo la kwanza linakwenda sambamba na reli, na mpira ukipinda kulia unaangukia upande wa treni. Mkipata siku ya kumi, kutoka Glasgow mnafika kwa treni chini ya saa moja na stesheni iko kando ya uwanja. Siku ya kumi, nasema. Msiitoe kwenye zile tisa.

Kuhusu goti: Old Course ni ya kutembea kwa miguu, msihesabu vigari. Chukueni kedi abebe begi, angalau siku hiyo. Malipo yake hayamo kwenye ada ya uwanja, hulipwa mkononi, na bakshishi juu yake. Fimbo nendeni nazo, lakini nusu ya begi: mbili za kupigia mbali ziitwazo za mbao, namba 5, 7 na 9, weji moja, ya kuputi. Ndege hutoza uzito, na kwenye upepo ule fimbo kumi na nne ni mawazo kumi na nne. Viatu viwe jozi mbili, kwa kuwa vilivyolowa leo havitakauka kesho. Koti la mvua liende na suruali yake.

Mke wako usimfanye msindikizaji. Jumapili Old Course hugeuka bustani ya watu wote. Nendeni naye nyote watatu. Watu wanatembeza mbwa kwenye feawei, watoto wanaruka bankani. Mtaona kwa miguu kwamba uwanja una umbo la bakora, unaenda na kurudi, na kwamba grini saba zinashirikiwa na mashimo mawili mawili. Mpe kazi ya kujumlisha namba: 2 na 16, 3 na 15, 5 na 13, kila jibu ni 18. Vukeni daraja la Swilcan. Mwanzoni mwa 2023 liliwekewa sakafu mpya ya mawe mahali pa kulipandia, watu wakalalamika, na ndani ya siku chache ikang'olewa. Kisha mpelekeni kwenye magofu ya kanisa kuu, lililowekwa wakfu mwaka 1318. Makaburini mna Old Tom, na mna mwanawe Young Tom, aliyeshinda The Open mara nne mfululizo akafa siku ya Krismasi 1875 akiwa na miaka 24, miezi michache baada ya mkewe kufa katika uzazi. Mimi nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Na jioni yoyote mwingizeni kwenye Himalayas, uwanja wa kuputi wenye vilima, karibu kabisa na Old Course. Ni wa klabu ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1867, wakati ambapo mwanamke kuinua fimbo juu ya bega kulionekana hakumfai. Mnalipa pauni chache tu, mnapewa fimbo na mpira. Atawashinda, kwa sababu hana mazoea ya kuvunja.

SWALI

Dada, sisi ni wanne na mwakani tunataka Uskoti na Ayalandi safari moja. Kuna tatizo? Na Ayalandi twende wapi?

Wanne wa Jumamosi

JIBU

Tatizo la kwanza ni la karatasi. Royal Portrush na Royal County Down ziko Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Ballybunion na Lahinch ziko Jamhuri ya Ayalandi, nchi nyingine, na viza ya Uingereza haiwafikishi huko. Mkiwa na muda wa viza moja tu, kaeni kaskazini: Portrush, iliyoipokea The Open mwaka 1951, 2019 na 2025, na County Down chini ya milima ya Mourne, ambako mipira kadhaa ya kwanza mtaipiga bila kuona inakotua. Chukueni kedi, mfuate kidole chake.

Mkiamua kwenda Jamhuri, mimi ningeanza na Lahinch. Shimo la 5, Dell, ni la mipigo mitatu na grini yake imejificha kati ya vilima vya mchanga. Juu ya kilima huwekwa jiwe jeupe kuonyesha bendera iko upande gani siku hiyo, unalipigia jiwe, kisha unapanda mbio kwenda kuona. Nilipanda mbio kweli, na umri wangu huu.

SWALI

Shikamoo dada. Nina miaka 34, nimeanza gofu mwaka jana, sina handikapu bado. Mume wangu anakwenda St Andrews na rafiki zake mwezi Juni na amenialika. Nimesoma kwamba klabu za kule zilikuwa hazitaki wanawake. Naogopa kuaibika. Niende?

Mwanafunzi wa Gofu

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nenda.

Uliyosoma ni kweli na ni ya juzi. Klabu ya Royal and Ancient, yenye lile jengo la mawe nyuma ya sehemu ya kuanzia ya Old Course, ilipiga kura kukubali wanachama wanawake mwaka 2014. Muirfield ilikubali mwaka 2017, baada ya kura ya kwanza kushindwa mwaka uliotangulia, na wanawake wa kwanza wakaingia 2019. Lakini tenganisha mambo mawili: klabu ni watu na jengo lao; uwanja wa St Andrews ni wa umma. Tangu mwaka 1552 kuna hati ya askofu mkuu inayotambua haki ya wenyeji kucheza juu ya ardhi ile. Hakuna klabu inayoweza kukuzuia. Wanawake wa kulipwa walicheza ubingwa wao Old Course kwa mara ya kwanza mwaka 2007, Lorena Ochoa akashinda, na mwaka 2024 alishinda Lydia Ko. Nilimtazama Ko kwenye televisheni akiputi kwenye shimo la 18, mvua na upepo vikimpiga, nikasimama peke yangu sebuleni.

Old Course hutacheza safari hii, kwa sababu ya cheti. Siku ya zamu ya mumeo tembea naye mashimo yote 18 na utazame miguu ya makedi, wapi wanasimama na wapi hawakanyagi. Utajifunza mengi kuliko somo la kulipia. Kwa kucheza, kuna Balgove, mashimo tisa ya Trust hiyo hiyo, waliyoyatengeneza kwa ajili ya watoto na wanaoanza. Hawaulizi handikapu. Mchana huwa na watoto wengi, kwa hiyo wewe nenda saa 11 jioni, ada huwa ndogo na upepo mara nyingi umetulia. Beba fimbo tatu tu: namba 7, weji na ya kuputi. Juni jua linazama karibu saa 4 usiku, utakuwa na muda wa kuzunguka mara mbili bila kuharakishwa na mtu.